Springi za Gari Tupu

Ilikuwa miezi ya mwisho ya utawala ule wa wanajeshi, ingawa hakuna aliyejua kuwa ni ya mwisho. Kapteni aliyewekwa Busia, mpakani na Kenya, kuzuia magendo alilalamika kwamba gari lake linakaa chini kwa nyuma. Lilikuwa gari jipya la serikali, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, na nyuma lilibebwa na springi za kujiviringisha, si mabamba ya chuma. Alilileta mwenyewe kwenye gereji ya Wahabi, kando ya barabara ya Tororo.

"Fundi, hii gari inachuchumaa kama bata," alisema. "Nataka isimame sawa. Leo leo."

Wahabi akazunguka nyuma. Ndani kulikuwa na turubai lililotuna mpaka kwenye dari, na harufu ya kahawa ilitoka hata milango ikiwa imefungwa.

"Afande, kwa kawaida tunateremsha kwanza kilichomo."

"Kilichomo nini?"

Wakati ule aliyekutwa na kahawa mpakani aliweza kupigwa risasi, na aliyeiona kwenye gari la mkubwa hakuwa salama zaidi.

"Hakuna kitu, afande. Ni tupu."

"Umesema vizuri, mzee."

Basi Wahabi akalazimika kushughulikia gari tupu ambalo jeki moja haikuweza kuliinua. Akaazima ya pili kwa Oguttu, dereva wa lori, ambaye naye hakuuliza kitu. Akapima kwa kamba kutoka ekseli mpaka juu ya gurudumu. Upande wa Kenya duka moja liliuza springi za aina mbili, za kawaida na nene za mizigo. Za kawaida zingelala tena kabla ya jua kuzama. Mkewe, Hadijah, akavuka kwa miguu, akarudi na zile nene chini ya mihogo. Askari waliowekwa pale ili vitu kama hivyo visipite walikuwa wameagizwa kutazama upande mwingine.

Wahabi akaegemeza gari juu ya magogo, akafungua shokomzoba, akashusha ekseli, akatoa springi zilizochoka na kukalisha mpya. Gari lilipotua lilisimama sawa kama meza. Kapteni akacheka, akaondoka nalo.

Wiki iliyofuata lilirudi likiwa limeinua matako kama panzi. Akashuka Kapteni, na nyuma yake Meja kutoka Tororo aliyekuja kukagua mpaka, akishika paji la uso lililovimba. Ndani kulikuwa kumefagiliwa, turubai halipo.

"Tazama kazi yako," alisema Kapteni. "Nimefunga breki kidogo tu njiani kutoka Tororo, mkuu ameruka mpaka kwenye kioo. Wewe unaharibu mali ya serikali makusudi. Mshikeni."

Askari wawili wakamshika Wahabi mikono. Waliopelekwa kwa shtaka hilo hawakuwa wakirudi. Hadijah, aliyekuwa akimenya mihogo mlangoni, akaweka kisu chini.

"Afande, nililipima mbele yako," alisema Wahabi. "Lilisimama sawa, ukafurahi. Kama siku ile lilikuwa tupu, na leo ni tupu, mimi sijui lilichopunguza. Labda wewe unakumbuka."

Meja akamgeukia Kapteni. "Siku ile ilikuwa na kitu?"

"Hapana, mkuu. Tupu kabisa."

"Basi kosa la fundi ni nini?"

Kapteni akatazama mashimo ya barabara. "Hana kosa, mkuu. Nimekumbuka, niliagiza mimi. Nilitaka iinuke, kwa sababu ya barabara."

Meja akazunguka gari, akapanda bampa ya nyuma kwa miguu yote miwili, akarukaruka. Halikushuka hata kidogo.

"Zinavumilia uzito gani, hizi?"

"Sijawahi kuzijaribu na mzigo, mkuu," alisema Wahabi.

Meja akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Gari yangu pia inasumbuliwa na barabara. Mtamwachia huyu mzee. Mtu asimguse mpaka amalize yangu."

Gari la Meja likaletwa. Kufunga springi mbili ni kazi ya asubuhi moja. Lakini Wahabi aligundua bolti iliyoliwa na kutu, kisha raba isiyopatikana Kenya nzima, kisha ekseli iliyohitaji kuchunguzwa bila haraka. Lilikuwa bado juu ya magogo utawala ulipoanguka, siku ile Kapteni na Meja walipovuka mpaka kwa miguu, wakiwa wamevaa nguo za kiraia.