Mtoto Aliyenukia Kashata

Mudathir ndiye aliyeisikia kwanza ile harufu. Alikuja mtaa wa Mabawa baada ya swala ya Ijumaa kumtazama mkewe Najat, aliyekuwa kwa mama yake na arobaini haijatimia. Akamnyanyua mtoto, akamnusa utosini, akakunja uso.

"Mmempaka nini? Mbona ananukia kashata?"

"Nimpake nini? Kaogeshwa sasa hivi."

Najat akamnusa mwenyewe. Kweli. Shingoni, kwapani, na zaidi kwenye nepi iliyolowa, aliyovuliwa kabla ya kuoga, ilikuwa harufu ya sukari inayoungua sufuriani. Harufu tamu, ya kupendeza hata, na hapo ndipo alipoogopa. Baba yake alikufa kwa kisukari. Tangu utotoni alisikia watu wakisema mkojo wa mwenye sukari hufuatwa na sisimizi. Akaitazama ile nepi sakafuni kana kwamba wameshaanza kuja.

Mama yake, Bi Mwanasiti, akatoka jikoni na bakuli la uji. "Kunywa kwanza, mwanangu. Ukihangaika maziwa yatakatika."

Hakunywa. Akajitanda khanga, Mudathir akaita bajaji, wakaenda wote zahanati.

Daktari Anastazia, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alimwamkia Bi Mwanasiti shikamoo kabla hajamgusa mtoto. Akamtoboa kisigino, akapima tone la damu. Sukari ilikuwa sawa. Akauliza kama ananyonya. Ananyonya mpaka anasinzia, Najat akasema. Uzito ulikuwa umepanda, na kilio chake kilisikika mpaka barazani.

Daktari akainama akamnusa. Kisha akasema, "Nipe mkono wako, mama mtoto."

Akaunusa mkono wa Najat karibu na kiwiko, akatabasamu. "Harufu ni yako. Unakula nini?"

Najat akamgeukia mama yake.

"Mbegu za uwatu," Bi Mwanasiti akasema. "Nauloweka, nausaga, nampikia uji asubuhi na jioni, maziwa yajae. Nimemdhuru mjukuu wangu?"

"Sidhani, mama. Mbegu ikifika tumboni inavunjwa. Vilivyomo vinapenya ukuta wa utumbo, vinaingia kwenye damu, na damu inavipitisha kwanza kwenye ini. Ini linachambua: hiki linakibadilisha, kile linakipunguza nguvu kitoke. Lakini hiki chenye harufu ni kibishi, sehemu yake inapita vilevile ilivyo. Inazunguka na damu, inatokea kwenye jasho, kwenye mkojo, na kwenye maziwa. Mtoto akinyonya, safari inaanza upya ndani yake."

"Ndani yake pia?" Najat akauliza.

"Ndani yake pia. Ila ini lake bado changa, linafanya kazi polepole." Uso wake ukawa makini. "Uko ugonjwa wa kuzaliwa nao wenye harufu kama hii, na sitaki kubahatisha. Acheni uwatu. Harufu isipoondoka, au akikataa kunyonya, au akilegea, mrudi saa hiyohiyo."

Nyumbani Najat alikaa kitandani, akamweka mtoto titini, akaitazama mishipa ya kijani iliyotambaa chini ya ngozi ya titi lake. Miaka yote alidhani chakula kinaingia, kinashibisha, kinatoka, basi. Kumbe punje za kununuliwa sokoni, ngumu kama changarawe, zilipenya mpaka kwenye damu yake, zikapita kwenye ini asilowahi kuliona, zikafika kwenye jasho la mtu mwingine. Na yeye wakati huo amelala, hajui lolote. Mwili ulijifanyia wenyewe, bila kumuuliza.

"Subhanallah," akanong'ona.

Kila alipombadilisha nepi alinusa. Harufu ikafifia, ikawa ya kutafuta, kisha asubuhi moja mtoto akanukia mtoto tu, na mkojo wake ukanuka mkojo. Najat akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, akampigia Mudathir simu. Bi Mwanasiti alikuwa ameketi mlangoni akipara samaki.

"Mama," Najat akamwita, "uliponinyonyesha mimi ulikuwa ukila nini?"

Bi Mwanasiti akasimamisha kisu, akafikiri.

"Embe mbichi kwa pilipili. Nilikatazwa, nikawa nakula kwa kificho."

"Basi nilikula na mimi."

Mama akamtazama, kisha akamtazama mjukuu, akaweka kisu chini, akasogea kumnusa utosini.