Ngiri ya Mzee Mboje

Mzee Mboje wa Bukundi ameuza ng'ombe minadani tangu hajaota ndevu, na sheria yake ni moja: kasoro aitafute mnunuzi mwenyewe. Ng'ombe wa kuuzwa analambishwa chumvi asubuhi, anagida maji hadi mbavu zinafichika. Akiwa na kikohozi, unamzungumzisha mnunuzi habari za mvua.

Sasa zamu ya kukaguliwa ilikuwa yake. Ngiri ilikuwa imemshukia kinenani, kubwa kama embe bolibo, na msimu uliopita alicheza ngoma mkono mmoja umeshika suruali. Mayige, mpinzani wake wa ngoma, akamtungia wimbo. Wimbo wenyewe ulikuwa mtamu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Lazima apasuliwe mapema, apone kabla ngoma za mavuno hazijaanza. Ila jirani alikwisha kumtonya: kule hospitali Bariadi, mtu dhaifu wanamrudisha.

Muuguzi alimwambia asile kitu kabla ya upasuaji. Mboje akajiuliza, ng'ombe mwenye njaa nani atamtazama? Asubuhi, mkewe Nyanjige alipoingia kuoga, akashindilia kiporo cha ugali na mtindi, akalala chali, akaisukuma ngiri mpaka ikarudi ndani.

"Mwangaluka, guku," akasalimu daktari Specioza hospitalini, kwa Kisukuma, akimwita babu. "Unaendeleaje?"

"Mwangaluka, mayu," akajibu Mboje, naye akimwita mama. "Niko imara."

Daktari akamfunua kope kuangalia damu, akampima presha. "Simama. Kohoa."

Akohoe mbele ya mnunuzi? Mboje akatoa kasauti kadogo, kama anayeogopa kuamsha mtoto.

"Kwa nguvu, guku."

"Sina kikohozi, mayu. Ukoo wetu hatukohoi."

Daktari akabonyeza kinena, hakuna kitu. "Basi sioni cha kupasua. Utarudi nyumbani."

Nyanjige, aliyemsindikiza, akaguna. "Baba Salu, hujaja kuuzwa. Mnada wa hapa wananunua kasoro. Kohoa, au nimpigie Mayige aje akuimbie."

Mboje akavuta pumzi, akakohoa kikohozi cha mtu aliyezeekea kwenye moshi wa samadi. Ngiri ikachomoza kama kichwa cha ndama.

"Hii hapa," akasema daktari, akicheka. "Leo leo tunaitengeneza."

Lakini kile kikohozi kiliamsha na mtindi. Mboje akacheua. Daktari akanusa.

"Guku, umekula?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Cha mnadani," akajibu Nyanjige.

Specioza akavua glavu. Ukichomwa sindano ya usingizi tumbo limejaa, akaeleza, chakula kinapanda na kuingia mapafuni, na mtu anaweza asiamke. Wangoje kesho.

Kesho yake Mboje alifika tumbo limeshikana na mgongo, na kabla hajaulizwa akaanza kukohoa. Akataja goti linalolia, sikio linalovuma, jino la nyuma, usaha wa kidole alioupata akifukuza fisi, na mgongo. Alikuwa anainama aonyeshe mgongo wenyewe Specioza alipomshika bega.

"Guku, leo nanunua ngiri peke yake."