Amana za Fundi Redio

Kiti cha magurudumu kilikwama koridoni, hatua tatu tu kutoka mlangoni. Kushoto palikuwa na televisheni saba za zamani, za mgongo mrefu, zimepandana hadi karibu na dari. Kulia palikuwa na kabati la redio lisilofunga tena. Kitini alikaa mama mkwe, ndiyo kwanza ametoka hospitali, mguu una plasta ngumu.

"Mkwe wangu," aliuliza, "nimekuja kukaa kwako au koridoni?"

Fundi redio alitamani ardhi ipasuke immeze. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa nyuma akisukuma kiti. Miaka yote alimwambia mumewe aondoe vitu hivi, mpaka akachoka. Leo alimwacha mama yake ajionee.

"Si vyangu, mama," fundi alijitetea. "Ni vya watu. Mtu akikuachia kitu chake, amekuamini."

"Hii hapa ina muda gani?"

"Hiyo... miaka tisa."

"Mwenyewe ameshakuja kuiulizia?"

"Bado."

"Bado!" Mama mkwe alicheka mpaka akashika paja. "Huyo haji, baba. Huyo alikutupia takataka kwa heshima."

Mama huyu alikuwa ametunza stoo ya shule ya bweni tangu ujana wake mpaka akastaafu, na masufuria ya wanafunzi mia tatu hayakuwahi kumshinda. Akaamuru arudishwe barazani, aletewe simu na daftari la wateja. Fundi akaleta. Nani angembishia mama mkwe?

Basi akaanza kupiga, jina baada ya jina. Namba nyingi hazikupatikana. Wa kwanza kupokea aliuliza, "Redio gani tena?" Mwingine alisema yuko mbali, itupwe tu. Kila jibu, fundi alibeba kitu kimoja nje, na kila alipokibeba uso ulimshuka kama anayesindikiza mgonjwa.

Halafu akapokea mwanamke mmoja, na mama mkwe akamsikiliza hadi mwisho. Nusu saa baadaye mwanamke huyo alifika mbio, viatu viwili tofauti miguuni. Alitaka redio kaseti yenye mkono wa kubebea uliovunjika. Marehemu mumewe ndiye aliyeileta kutengenezwa, akafariki bila kusema ameiacha wapi. Alifungua kidirisha, kanda ya mumewe ilikuwa bado mle ndani. Aliipakata redio kama mtoto mchanga, akamshukuru fundi mpaka sauti ikamkauka.

Alipoondoka, fundi alijinyoosha. "Umeona, mama?"

"Nimeona. Umefanya jambo kubwa, na Mungu akuzidishie. Huyo ni mmoja. Bado majina arobaini na mawili. Tuendelee."

Wakaendelea. Watu wanne walikuja kuchukua vyao. Vilivyokosa mwenyewe, fundi alivifungua akachomoa spika na nyaya zinazofaa, akazijaza kwenye boksi moja tu, kwa sharti la mama mkwe kwamba mfuniko ufunge. Makasha matupu yakaenda na mkokoteni wa vyuma chakavu. Alidhani ataumia kuuona ukikata kona. Badala yake alipumua hadi mabega yakashuka. Alikuwa amewalindia vitu watu ambao walishavisahau zamani, wakalala usingizi wao.

Alasiri mkewe alisimama katikati ya korido, mikono kaitanua pande zote mbili.

"Kumbe ukuta wetu ni wa kijani!"

Mama mkwe akajisukuma mwenyewe, moja kwa moja hadi jikoni, akaulizia chai.

Wiki iliyofuata, mteja alileta spika kubwa iliyokuwa ikikoroma. Akaiweka mezani, akageuka kuondoka.

"Nitapitia siku yoyote, fundi."

Fundi redio alifungua kalamu. "Siku yoyote haimo kwenye kalenda yangu, ndugu. Taja siku."

Mteja alijikuna kichwa. "Basi Ijumaa."

"Ijumaa," fundi akaandika, akapigia mstari.