Kwetu Hakuna Ugonjwa

Miaka mitatu Veronika aliuza korosho pale Somanga, mahali mabasi ya Lindi yanaposimama, na miaka yote hiyo wenzake walimhesabu kuwa mvivu. Si kwamba hakuwa na bidii. Siku akiwa mzima alikuwa wa kwanza kufika na beseni lake, na sauti yake ililifikia dirisha la basi kabla ya mkono wa mtu mwingine yeyote. Lakini kulikuwa na siku ambazo hakutokea kabisa. Wiki nzima, pengine mbili. Kisha anarudi, kilemba kimekaa vizuri, hana kidonda, hana bandeji, hata kikohozi hana. Ukimuuliza alikuwa wapi, anakujibu kuwa alikuwa anaumwa mifupa.

"Mifupa!" alisema Mama Abdala, mwenyekiti wa kikundi chao. "Mimi nimezaa saba, na mifupa yangu bado inakwenda kisimani. Wewe mtoto wa juzi unaumwa mifupa?"

Zamu yake ya kufagia na kuteka maji ya banda ilipompita mara ya tatu, walimwondoa kikundini. Beseni lake likasogezwa mwisho kabisa, kule ambako basi halifiki.

Ukweli ni kwamba Veronika alizaliwa na selimundu. Chembe za damu yake hujikunja kama mundu na kuziba njia, na pale zinapoziba ndipo panapowaka moto. Jua kali lilitosha kuyaamsha maumivu, na baridi, na kiu, na kuchoka. Yakishaamka alihisi kama mtu anamtwanga mapaja kwa mchi, lakini nje ngozi ilibaki laini ileile, haina hata alama ya kumwonyesha mtu.

Aliyejua haya yote ni dada yake Cecilia, toka nitoke, baba mmoja mama mmoja, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Cecilia alimnywesha maji kijiko kwa kijiko. Alimkanda miguu huku akilia yeye mwenyewe. Tena Cecilia aliujua ugonjwa huu kwa njia nyingine ambayo hakupenda kuitaja: mwanawe wa kiume, Benedicto, alikufa nao akiwa na miaka minne. Majirani waliambiwa ni degedege, na yakaishia hapo.

Fidelis, mhudumu wa afya wa kijiji, ndiye aliyekuja na wazo la mkutano wa kuwaeleza watu ugonjwa huu.

"Mimi nikiwaambia wanaona nasoma karatasi," alimwambia Veronika. "Wewe ukisema, dada, watamwona mtu."

Veronika aliogopa. Akaenda kwa dada yake kuomba ushauri, na Cecilia akamshika mabega yote mawili.

"Nenda kaseme, Vero. Umedharaulika vya kutosha. Wakikubishia, mimi nitasimama. Nani anakujua kuliko mimi?"

Basi Jumamosi asubuhi watu wakakusanyika katika darasa moja la shule ya msingi. Akina mama wa barabarani walijibana kwenye madawati ya watoto. Fidelis alieleza yake kwa ufupi, kisha akampisha Veronika.

Mwanzo sauti ilikuwa ndogo. Baadaye ikakaa. Akawaambia maumivu yanavyoanza kwenye kifundo cha mguu na kupanda, na mikono yake ilivyokuwa ikivimba alipokuwa mtoto mchanga. Akawaambia kuhusu dawa anazomeza kila siku ya Mungu, na jinsi anavyotoka kitandani siku ya kwanza ya nafuu na kujipaka mafuta ili afanane na watu. "Mnaniona nimependeza, mnasema alikuwa amelala tu," alisema. "Nikipendeza ndiyo nimetoka kuumwa." Akina mama wakaanza kukwepana macho. Hata Mama Abdala alikuwa ametazama chini.

Ndipo akasimama Bertha. Bertha alikuwa shangazi wa Sixbert, kijana aliyemposa Salome, binti wa Cecilia. Posa ilikwishapokelewa, na harusi ilikuwa mwezi unaofuata.

"Mimi nina swali kwa Fidelis," alisema. "Ugonjwa huu mtu anaupata wapi?"

"Ni wa kurithi, mama. Mtoto anaupata kwa wazazi wake wote wawili. Mzazi anaweza kuubeba ndani ya damu, naye mwenyewe asiugue kamwe."

"Kwa hiyo unatembea kwenye ukoo."

"Unaweza. Ndiyo maana tunawashauri vijana wapime kabla ya..."

Bertha hakungoja amalize. Alikwishageuka. "Mama Salome, wewe ndiye dada mtu. Hebu tuambie. Ugonjwa huu uko kwenu?"

Macho yote yakamwelekea Cecilia. Veronika naye alimtazama, na moyo wake ulitulia, maana sasa ndiyo ilikuwa zamu ya yule aliyeahidi. Cecilia alisimama polepole. Akaifunga upya kanga yake kiunoni. Hakumtazama mdogo wake.

"Kwetu hakuna ugonjwa," alisema. "Huyu ni kitinda mimba, alilelewa kwa kudekezwa, na kudeka hakujamtoka mpaka leo. Nimechoka kumfichia. Msimsikilize."

Darasa likaangua kicheko, kile cha watu waliokuwa wameanza kuona aibu na sasa wameondolewa mzigo. Fidelis alinyanyua mkono awanyamazishe, hakuna aliyemjali.

Jina la Benedicto lilimjaa Veronika kinywani. Neno moja tu lingetosha, na kicheko kingekatika kama kamba. Lakini Salome alikuwa amekaa karibu na mlango, uso umempauka, mikono ameibana katikati ya magoti. Veronika akalimeza lile jina. Akachukua mkoba wake, akapita katikati ya madawati, akatoka.

Siku ya tatu Salome alikuja kwake akiwa peke yake. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa, akakaa kwenye mkeka bila kukaribishwa.

"Mama mdogo, nataka uniambie. Kaka Benedicto alikufa na nini?"

"Mama yako ndiye wa kumuuliza."

"Nimemuuliza. Amenipiga kofi."

Veronika alikaa karibu naye kwenye mkeka. Kisha akamwambia yote, wala hakupunguza wala hakuongeza. Mwisho akasema, "Nenda kapime, mwanangu. Na Sixbert naye apime. Si lazima ndoa ivunjike. Lakini msiingie gizani."

Walikwenda wote wawili, bila kuwaaga wazazi. Majibu yalionyesha kwamba Salome anaubeba ugonjwa upande mmoja, na Sixbert hana kitu. Watoto wao wasingezaliwa na selimundu. Sixbert alicheka kwa furaha pale pale kwenye benchi la hospitali, na harusi ikabaki kama ilivyopangwa.

Jioni hiyohiyo Cecilia alifika kwa Veronika akihema.

"Umenisaliti," alisema. "Umechukua siri ya nyumba yangu ukamwambia mtoto."

"Mimi ndiye niliyekusaliti, dada?"

"Nilikuwa namlinda binti yangu! Ungekuwa mzazi ungenielewa."

"Ungesema hujui," Veronika alimjibu. "Ungenyamaza tu. Ningekusamehe kabla hujakaa. Lakini umesema nadeka. Wewe, uliyekuwa unanishika nisijipigize ukutani."

Cecilia alishika njia ya kutoka. Mlangoni aligeuka nusu. "Siku ya harusi usije," alisema. "Bertha akikuona ataanza tena maswali."

Harusi ikapita bila yeye. Kabla ya hapo lakini, kulitokea jambo moja. Mama Abdala alipiga hodi, amempakata mjukuu wake wa mwaka mmoja, vidole vya mtoto vimevimba kama vimeumwa na nyuki. Hakuomba radhi. Alisema tu, "Siku ile ulitaja mikono kuvimba. Nitazamie huyu."

Kwa hiyo siku ambayo Salome alikuwa akivalishwa shela, Veronika alikuwa kliniki ya hospitali ya wilaya na Mama Abdala na yule mtoto. Mtoto alichukuliwa damu, akalia, akanyonya, akalala. Kwa kuwa alikuwa amekwishafika, Veronika akaona achukue na dawa zake. Muuguzi alifungua faili lake, akapitisha kalamu kwenye ukurasa wa kwanza.

"Ndugu wa kupigiwa ukizidiwa bado ni huyu Cecilia? Namba haijabadilika?"

"Namba haijabadilika," Veronika alisema. "Lakini mfute."

Muuguzi alimtazama kidogo, kisha akapiga mstari. "Niandike nani?"

Mama Abdala alikuwa kwenye benchi, anampepea mjukuu wake kwa ncha ya ushungi, hasikii kitu. Veronika alifikiri. Alipita kwenye majina ya watu wote aliowajua, kutoka Somanga mpaka Lindi, mmoja mmoja.

"Paache wazi kwanza," alisema.