Kambare wa Bibi Rozalia

Jua likianza kuzama nyuma ya mibuni, Bibi Rozalia aliweka beseni mlangoni, akaketi kwenye kigoda na kuwasubiri kambare. Walitoka bwawani wakijikokota kwa mapezi, wakavuka barabara ya trekta, wakapanda hadi kambi ya vibarua. Kila mmoja alijiinua kwenye ukingo wa beseni, akatema maji aliyobeba kinywani, akashuka kumpisha mwenzake.

Maji yenyewe yalikuwa ya kambi tangu zamani. Vibarua wa Singida, Dodoma na Mbulu waliyachota kwenye chemchemi bila kumwomba mtu, hadi mwenye shamba alipoizungushia uzio, akaipanua kuwa bwawa la wageni. Wageni walishuka kutoka kreta, kwenye hifadhi ya wanyama, wameshachoka kutazama simba, wakakaa kwenye viti vya turubai, wakavua kambare, wakapiga naye picha, kisha wakamrudisha majini. Hilo ndilo pekee lililowashangaza watu wa kambi. Umtoboe kiumbe mdomo, halafu usimle! Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, lakini wahenga hao hawakuwahi kumwona mgeni mwenye ndoano.

Kambare walikwenda kwa Rozalia tu. Yeye ni Mwiraqw, na kwao wazee hawali samaki, hivyo chungu chake hakikuwahi kunuka shombo. Jirani yake Vumilia, wa kutoka Singida, alisugua sufuria zake kwa majivu, akaapa kuachana na dagaa, akaweka beseni lake. Kambare walifika kizingitini, wakanusa, wakageuka.

"Nimeacha kweli, bibi," alisema Vumilia. "Hata mchuzi wake sionji."

"Hawasahau hao, mjukuu wangu. Lete ndoo yako."

Fungu la kwanza lilikuwa la Vumilia, kwa sababu ya mtoto. Alikuwa amejifungua majuzi, na kichanga alijaa vipele mwili mzima. Nesi alisema aogeshwe kila siku kwa maji safi. Hakusema yatoke wapi.

Meneja wa shamba, Josephati, alikuja jioni moja kujionea. Alisimama mikono mfukoni mpaka kambare wa mwisho alipotema.

"Bwana meneja, tunaomba bomba moja tu," Vumilia alimwambia.

"Mama, si maji yanafika? Kuna kambi hazina hata hawa."

Hakuwa mtu mbaya. Alikulia kijijini Endamarariek akibeba ndoo kichwani, na pengine ndiyo maana aliona inatosha. Alipiga marufuku trekta kupita saa za jioni, kambare wasikanyagwe, na watu wakamshukuru, maana kutoshukuru ni utovu wa adabu. Habari za bomba ziliishia hapo.

Kiangazi kilileta wageni wengi zaidi. Kambare walianza kufika midomo imechanika, maji yakiwavuja njia nzima, hata palionekana mstari wa unyevu katikati ya mibuni. Rozalia aliwapaka samli kwenye vidonda. Tena ilibidi awamwagie maji kidogo mgongoni, wasikauke wakirudi, na kilichobaki kwenye beseni kilikuwa aibu kukiita maji. Alichoka. Kambi nzima ilichoka, na kambare pia.

Jioni moja alifika mmoja tu, mkubwa, mwenye sharubu ndefu, mdomo umepasuka pande zote mbili. Alijiinua kwenye ukingo wa beseni, akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Alibaki hivyo, kinywa wazi.

"Asante, baba," alisema Vumilia. "Umefika."

Mtoto alikuwa mgongoni kwake, akilia kwa kuwashwa. Ndani ya chungu mlikuwa na maji kidogo ya jana, ambayo Rozalia alimwekea huyo mtoto. Ngozi ya kambare ilikuwa imeanza kukunjamana. Rozalia alikiinua chungu, akamtazama Vumilia.

"Mmwagie, bibi. Atarudije hivyo?"

Rozalia akammwagia yote. Kambare akageuka, akashuka polepole kuelekea bwawani, ambako maji yalikuwa yamejaa hadi ukingoni na wageni walikuwa wakikunja viti vyao. Vumilia akalifuta beseni kwa ncha ya kanga, akaliweka tena mlangoni, la kesho.