Sentensi Niliyoiruka

Tuzo ya hadithi fupi ya gazeti letu ina masharti mengi kuliko ya mganga. Hadithi zote, hasa zilizoandikwa kwa mkono, lazima zipigwe chapa upya ofisini na majina yabaki kwenye bahasha, ili mwamuzi asije akatambua mwandiko wa shemeji yake. Kazi hiyo ni yangu na mwenzangu tunayemwita Redio, kwa sababu hazimiki. Tumeapa: hatuongezi, hatupunguzi, na nyumbani hatusemi.

Jumanne moja nikafungua namba sitini na moja. Mwandiko ule naujua. Herufi zimeinama kama watu wanaosukuma gari bovu, na kila siku huzikuta kwenye mlango wa friji: "Sukari imeisha. Sijui nani anaimaliza." Mama mkwe wangu, tunayeishi naye nyumba moja, kumbe ni mwandishi!

Hadithi ilimhusu mkamwana. Mvivu wa kuamka, mboga zake hazina chumvi, na milango anaifunga kwa kishindo. Nikapiga chapa huku nacheka kwa hasira. Mboga zangu zina chumvi. Kufika ukurasa wa tatu, kicheko kikakatika. Palikuwa na maneno aliyoyasema siku ya harusi yangu, mbele ya shangazi zangu wote: "Mwanangu kafika sokoni watu wanafunga, akabeba kilichobaki."

Niliolewa nina miaka thelathini na nane. Maneno yale nimeyameza miaka tisa na bado hayajashuka. Leo niyapige chapa kwa vidole vyangu mwenyewe, yatoke gazetini? Thubutu! Nikairuka sentensi. Kurasa zilizobaki nikamsukumia Redio, nikasema kichwa kinaniuma. Wala sikudanganya.

Wiki mbili baadaye mwenyekiti wa waamuzi, mwalimu mstaafu asiyejua kunong'ona, akaja mezani kwetu na karatasi mkononi.

"Hii sitini na moja tumeipenda sote, lakini tunaitoa mashindanoni," akasema. "Mwishoni mama mkwe anapiga magoti jikoni, anamwomba mkamwana wake radhi kwa neno alilomwambia siku ya harusi. Neno gani? Nimelitafuta mpaka macho yanauma. Kosa halimo, msamaha umo!"

Mama mkwe wangu, apige magoti? Yule ambaye akikukanyaga anakuuliza mguu wako ulifuata nini pale? Nikinyamaza, kazi yangu salama, na yeye hatajua maisha yake yote alikosea wapi. Na nilitaka kunyamaza, nisiwe mnafiki. Lakini kurasa kumi na nne alikuwa ameziandika kwa vidole vyenye baridi yabisi, vile ambavyo kufungua chupa tu ni mpaka aniite.

Nikavuta faili, nikatoa nakala ya mkono, nikaisoma sentensi ile kwa sauti. Redio akaangua kicheko.

"Niliiruka mimi," nikasema. "Hicho kilichobaki sokoni ndio mimi hapa."

Redio akazimika. Mwenyekiti akasema barua ya onyo nitaikuta mezani kesho, kisha akamkabidhi Redio hadithi nzima aipige upya, waamuzi waisome tena. Kabla Redio hajaanza, niliisoma mpaka mwisho.

Ikashinda. Siku mama mkwe alipopigiwa simu, nilimkuta jikoni, amekaa wima kama anasubiri daktari.

"Wamenipa tuzo," akasema, haniangalii. "Kihadithi tu. Kitatoka gazetini Jumapili. Wewe usihangaike kukisoma."

"Nimeshakisoma, mama. Hadithi za pale napiga chapa mimi."

Kikombe chake kikabaki hewani. "Chote?"

"Chote. Mpaka mwisho."

Akakiweka kikombe mezani taratibu. Akanisogezea kiti kwa mguu, nikakaa.

"Basi nimeshasema," akasema.

"Nimesikia, mama."