Diski Aliyoteka Mtani

Advera alipotokeza kwenye duka la Shomari, fundi kompyuta wa barabara ya stesheni, watu walianza kucheka kabla hajafungua mdomo. Kijiwe kile ndivyo kilivyo: wenye simu mbovu wachache, wenye masikio tele. Na hakuna kilichowanogea kama hawa wawili wakikutana, Mnyamwezi wa Itetemia na Mzaramo, watani tangu mababu wa Advera walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani kwa kina Shomari.

"Mpagazi karudi!" Shomari akapaza sauti. "Leo umebeba nini?"

Advera hakucheka. Aliweka laptop mezani, akaifungua. "Video ya mama yake Katarina imekufa."

Kicheko kikapungua, maana habari ile mji mzima uliijua. Advera hupiga video za harusi. Alimrekodi mama yake Katarina akimpa binti yake wosia siku ya kumuaga, na mwezi haukuisha mama akafariki. Jumapili ni arobaini, ndugu wanakuja hadi kutoka Kigwa kumsikia. Nakala nyingine Advera hana mkononi.

Wiki iliyotangulia laptop ilikuwa ikijikokota. Ukibonyeza kitu, unakwenda kuchota maji na kurudi, bado inawaza. Advera akaja kutafuta SSD, zile diski mpya zisizozunguka. Shomari akamwekea mbili. Moja ndogo, ndani ya boksi lenye muhuri. Nyingine haina hata jina la kampuni, imeandikwa terabaiti mbili, bei ileile.

"Ipi itanifaa?" aliuliza kwa dhati, kama mtu anavyomuuliza daktari.

"Tangu lini Mnyamwezi akatosheka na mzigo mdogo?"

Kijiwe kikaangua kicheko. Advera hakutaka kuonekana kashindwa utani, akachukua kubwa. Video zikanakiliwa humo, za awali zikabaki kwenye diski ya zamani. Alipokuwa anafunga mkoba, Shomari akainyakua diski yake ya zamani. "Hii nimeteka! Utaikomboa kwa jogoo." Advera naye akacheka, akaondoka. Ndiyo kazi ya watani. Msibani huteka kofia, sufuria, hata jembe la kuchimbia kaburi, na wenye mali hukomboa.

Leo hakuwa na kicheko. "Hiyo terabaiti mbili ni karatasi tu iliyobandikwa juu," alisema. "Ndani haifiki hata robo. Ilipojaa ikaendelea kupokea, kama mtu anayeitikia huku amelala. Mama anafungua mdomo aseme, picha yote inakuwa kijivu. Nipe diski yangu ya zamani."

"Jogoo yuko wapi?"

"Nitamleta. Nipe kwanza."

"Jogoo kwanza! Tena awe mwekundu, na asiwe mvivu kama mwenyewe."

Wakacheka tena, ila si wote. Sikuzani, muuza kahawa wa pale mlangoni, ambaye hajawahi kukaa na neno tumboni, akadakia: "Shomari, si ndiyo ile yule bwana wa Igalula anaifuata jioni? Ile uliyosema utaifuta kwanza?"

Shomari akaitupia jicho droo ya meza.

"Ulishaiuza," Advera alisema.

"Aa, utani huo, mtani wangu..."

"Mtani akiteka hukaa na alichoteka mpaka kikombolewe. Hauzi. Anayeuza ana jina lake, na unalijua."

"Mtani hakasiriki, bwana!"

"Sina mtani hapa. Kuanzia leo niite dada Advera. Mimi nitakuita fundi."

Mtu mmoja aliweka kikombe chini taratibu. Pale kijiweni watu wamesikia matusi ya kila aina, lakini utani kukatwa mchana kweupe, hilo hawakuwa wamelisikia. Upagazi, uvivu, mizigo, yote Shomari aliyomwambia miaka yote yakageuka matusi matupu. Na lile la diski likabaki wizi. Shomari akageuka huku na huku kutafuta wa kucheka naye. Hata Sikuzani alikuwa ameinama anasuuza vikombe vilivyokwisha kusuuzwa.

Akavuta droo, akaitupa diski mezani. "Chukua. Unaongea kama redio ya jirani."

"Asante, fundi. Iunganishe hapahapa."

Akaiunganisha huku amefura. Sauti ya marehemu ikatoka: "Katarina mwanangu, ukifika huko usiache kunipigia. Hata kama huna la kusema."

Advera akafuta macho kwa kiganja, kisha akaonyesha kabatini. "Ile ndogo yenye muhuri. Ndiyo itakayochukua nafasi ya hii takataka yako. Na boksi ulifungue mimi nikiona."

Video ilionyeshwa Jumapili, watu wakalia. Watani walikuja na vituko vyao, Shomari hakuonekana.

Siku hizi wakikutana sokoni husalimiana vizuri mno. "Habari za asubuhi, fundi." "Njema, dada Advera, za nyumbani?" Mgeni akiwasikia atawasifu kwa adabu. Sisi tunaowajua tunavuka barabara tusiisikie adabu hiyo.